Fungu la Kumi na Tatu



Nataka kuwasimulieni kosa nililolifanya kwa kalamu yangu mwenyewe, na namna namba moja ndefu, ambayo sikuwa nimepata kuisikia, ilivyonirudisha katika haki. Sisimulii ili nisifiwe kwa kurudi, kwani asiyepotea hana haja ya kurudi. Nasimulia kwa kuwa kosa lenyewe ni la nyumba nyingi, nalo hufanywa na watu wanaosali.

Marehemu baba yetu aliishi Iringa miaka mingi akifanya biashara ya duka, na kwa faida ya duka lile akanunua shamba karibu na Mafinga akalipanda misonobari. Alipofariki mwaka 2022, Mungu amrehemu, wazazi wake walikuwa wamekwisha kutangulia. Alituacha mama yetu, wanaume watano na wanawake watatu. Madeni yake yalilipwa, wasia wake mdogo ukatekelezwa, na nyumba ya mjini ilikuwa mali ya mama. Kilichobaki cha kurithiwa kilikuwa ni shamba lile: mistari 96 ya miti, kila mstari miti 30, jumla yake miti 2,880.

Eda ya mama ilipokwisha tulikutana Iringa ili tugawane. Mimi nakaa Mbeya, nami ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Basi ndugu zangu wakaniambia, "Wewe ndiwe mwalimu, shika kalamu."

Mafungu ya mirathi hatukuachiwa sisi tuyatunge. Yamo katika Suratun-Nisaa. Mke wa marehemu aliyeacha watoto hupata thumni, yaani sehemu moja katika nane. Kinachobaki, kwa hali kama yetu, huwa cha watoto, mwanamume akihesabiwa kwa vichwa viwili na mwanamke kwa kimoja. Nikaandika: wanaume watano ni vichwa 10, wanawake watatu ni vichwa 3, jumla 13. Thumni ya mistari 96 ni mistari 12, hiyo ya mama. Ikabaki 84. Nikagawanya 84 kwa 13. Kila kichwa kikapata mistari 6, ikabaki mistari 6 isiyo na mwenyewe.

Kaka yetu mkubwa akaitazama karatasi akacheka. Akasema, "Kumi na tatu! Hiyo ni namba korofi, haigawanyiki. Mtoeni huyu mdogo wetu, tuwe kumi na mbili. Baba alimlisha na kumvika hata siku yake ya mwisho. Tena hana mtoto. Miti hiyo atamrithisha nani?"

Aliyekuwa akitajwa ni umbu langu, ndugu yetu wa kike aliye mdogo kuliko sote, ambaye ndoa yake ilivunjika kwa sababu ya kukosa mtoto, akarudi kumtunza baba katika maradhi yake. Wakati ule alikuwa uani akipika chakula chetu. Mama aliinamisha kichwa asiseme neno. Nikagawanya 84 kwa 12, nikapata 7. Kila mwanamke mistari 7, kila mwanamume mistari 14, hapana baki hata mti mmoja. Hesabu ikakaa sawasawa kama kifuniko juu ya chungu chake.

Nami nikaikata 13, nikaandika 12.

Niliporudi Mbeya nikainakili hesabu ile kwa wino, nikaipiga picha, nikampelekea kila ndugu kwa simu, kwa njia ya WhatsApp. Umbu langu pia nilimpelekea, nikijidanganya kwamba kumwarifu mtu ni sawa na kumshauri. Baada ya saa mbili akajibu: "Nimeiona, kaka. Mungu awape baraka." Hakuongeza neno.

Binti yangu, asomaye hisabati katika chuo kikuu, alikuwa nyumbani kwa likizo. Usiku ule tumekaa karibu na jiko la mkaa, maana baridi ya Mbeya mwezi wa Julai mnaijua, nikamwuliza habari ya yale maneno yaonekanayo katika simu, kwamba ujumbe umefungwa asiweze kuusoma ila aliyeupeleka na aliyepelekewa. Nikasema, "Kufuli hilo likoje?" Wallahi sikuwa natafuta elimu. Nilikuwa naogopa karatasi ile isije ikaonwa na watu wa msikitini.

Akanijibu, "Baba, kufuli lenyewe limejengwa juu ya namba tasa."

Neno hilo lilinichoma, kwa sababu ndilo jina tulilompa umbu langu mbele ya mama yake bila ya kulitamka. Lakini yeye alikuwa akisema lugha ya shuleni, nami mwenyewe nilikuwa nimelifundisha neno hilo miaka thelathini. Namba tasa ni namba kubwa kuliko 1 isiyogawanyika kwa ukamilifu ila kwa 1 na kwa yenyewe, kama 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Namba 12 si tasa, kwani yakubali kugawanywa kwa 2, kwa 3, kwa 4 na kwa 6.

Akavuta karatasi iliyokuwa karibu akaniandikia namba ya kufuli hilo. Anza na 1, alisema, uzidishe kwa 2 mara 255, kisha utoe 19. Utapata hii:

57,896,044,618,658,097,711,785,492,504,343,953,926,634,992,332,820,282,019,728,792,003,956,564,819,949

Ni namba ya tarakimu 77, na ndiyo namba tasa iliyo kubwa kuliko zote zilizo chini ya 2 kwa kipeo cha 255. Mwanahisabati Daniel J. Bernstein ndiye aliyeichagua kwa kazi ya kufungia siri, akaieleza katika maandishi yaliyochapwa mwaka 2006, na leo imo katika simu za watu wengi wasiopata kuiona. Wala si kubwa kuliko zote zijulikanazo. Mwezi wa Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa iliyozipita zote zilizokuwa zimejulikana hata siku ile, nayo ni 2 kwa kipeo cha 136,279,841 kisha toa 1. Hiyo ina tarakimu 41,024,320, na hapana gazeti la kuitosha. Lakini ile ya tarakimu 77 ndiyo ifanyayo kazi nyumbani mwetu.

Mwalimu haachi ualimu wake. Nikachukua penseli nikaipima. Nikajumlisha tarakimu zake zote, nikapata 376. Jumla hiyo haigawanyiki kwa 3, basi namba yenyewe haigawanyiki kwa 3. Nikazitazama tarakimu tatu za mwisho, 949. Ukizigawanya kwa 8 hubaki 5, basi namba nzima ukiigawanya kwa 8 itabaki 5. Nikakumbuka kuwa hata 13 ukiigawanya kwa 8 hubaki 5. Nikanyamaza.

Binti yangu akaendelea. "Uzuri wa namba tasa, baba, si kwamba haigawanyiki tu. Uzuri wake ni kwamba ndani yake hapana kinachopotea. Itazame saa ya ukutani. Saa ina 12, na ukifika 12 waanza tena kama uliyefika sifuri. Sasa zidisha 3 kwa 4. Umefika 12, basi umerudi sifuri. Umechukua vitu viwili vyenye thamani, umevikutanisha, vimekuwa si kitu. Kadhalika 2 kwa 6. Lakini tengeneza saa ya 13. Chukua namba zozote mbili kuanzia 1 hata 12, uzizidishe. Hazitakurudisha kwenye sifuri kabisa."

Akaniandikia jozi zake. Katika saa ya 13, mara 2 kwa 7 ni 14, yaani 1. Mara 3 kwa 9 ni 27, yaani 1. Mara 4 kwa 10 ni 40, yaani 1, na 5 kwa 8 vivyo hivyo. Mara 6 kwa 11 ni 66, yaani 1. Namba 12 ukiizidisha kwa yenyewe ni 144, nayo ni 1. Kila namba ina mwenzake wa kuirudisha kwenye 1, na hapana hata moja iliyoachwa bila ya mwenza.

Hapo nikakumbuka jambo nililolisoma zamani juu ya Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 akafa Cairo karibu na mwaka 1040. Wengi wetu tunamjua kwa elimu ya macho na nuru. Yeye alitafuta namba ambayo ukiigawanya kwa 2, 3, 4, 5 au 6 hubaki 1, na ukiigawanya kwa 7 haibaki kitu. Akaona kwamba ukizidisha 1 kwa 2 kwa 3 kwa 4 kwa 5 kwa 6 utapata 720. Ongeza 1 uwe na 721, nayo ni 7 mara 103. Akajua kuwa hiyo ni tabia ya namba tasa zote. Wazungu waliiita kanuni ya Wilson katika karne ya 18, na Lagrange akaithibitisha mwaka 1771, lakini Ibn al-Haytham alikuwa ameitumia zaidi ya miaka 700 kabla yao.

Tukaijaribu kwa 13. Zidisha kuanzia 1 hata 12, utapata 479,001,600. Ongeza 1, ugawanye kwa 13. Jibu ni 36,846,277 kamili. Sababu yake ni zile jozi: 2 na 7, 3 na 9, 4 na 10, 5 na 8, 6 na 11, kila jozi hurudi 1, basi hubaki 12 peke yake, nayo ukiiongezea 1 inatimia 13. Fanya vivyo kwa 12, yaani zidisha 1 hata 11 uongeze 1, nayo itakataa; itabaki 1 isiyo na mahali.

Kisha akanionyesha kufuli. Alisema, "Wewe uko Mbeya, shangazi yuko Iringa, na mtu wa njiani anasikia kila mnalosema. Chagua namba ya siri." Nikachagua 4. Akasema, "Na shangazi amechagua 5. Katika saa ya 13, 2 kwa kipeo cha 4 ni 16, yaani 3. Mpelekee 3. Yeye, 2 kwa kipeo cha 5 ni 32, yaani 6. Anakupelekea 6. Sasa wewe chukua 6 yake uipe kipeo chako cha 4: ni 1,296, na baki yake kwa 13 ni 9. Yeye achukue 3 yako aipe kipeo chake cha 5: ni 243, na baki yake ni 9. Nyote mmepata 9, wala 9 haikupita njiani."

Mtu wa njiani amesikia 3 na 6 tu. Kwa 13 ataweza kukisia katika dakika chache. Kwa namba ya tarakimu 77, na kwa kuzungusha hesabu hiyo juu ya mstari uliopinda badala ya vipeo vitupu, njia zijulikanazo leo na kompyuta zote zilizopo haziwezi kuimaliza kazi hiyo. Mzizi wa jambo hili ulitangazwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976. Amana ya watu wawili walio mbalimbali imekaa juu ya namba iliyokataa kugawanyika.

Alipogeuza karatasi ili atafute nafasi ya kuandika, akakuta hesabu. Ilikuwa ni ile rasimu yangu ya Iringa. Aliisoma, akaona 13 iliyokatwa na 12 iliyoandikwa juu yake, akayasoma majina. Akaikunja taratibu akaniwekea mkononi. Akauliza neno moja tu: "Shangazi alikubali?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeulizia kufuli la kunificha na watu, nami nikajua usiku ule kuwa hapana kufuli baina ya mja na Mola wake.

Baada ya swala ya alfajiri nikatoa kitabu cha faraidh nilichokisoma ujanani. Wanavyuoni wa elimu hiyo hulinganisha namba mbili kwa hali nne. Zikiwa sawa, kama 3 na 3, huitwa tamathul. Ndogo ikiingia katika kubwa bila ya baki, kama 3 na 6, huitwa tadakhul. Zikishirikiana katika kigawo kingine, kama 4 na 6 zishirikianavyo katika 2, huitwa tawafuq. Zisiposhirikiana kabisa ila katika 1, huitwa tabayun. Na hii ndiyo tabia ya namba tasa: kila namba iliyo ndogo kuliko hiyo huwa nayo katika tabayun, isipokuwa 1.

Basi mas-ala yetu asili yake ni 8. Mama ana 1, watoto wana 7, na vichwa vyao ni 13. Baina ya 7 na 13 ni tabayun. Wanavyuoni hawakusema, "Mtoeni mmoja ili hesabu ikae sawa." Walisema, "Zidisheni asili kwa vichwa." Mara 8 kwa 13 ni 104. Mama apewe 13, kila mwanamke 7, kila mwanamume 14. Jumlisha: 13 na 21 na 70 ni 104. Namba haikuwapunguza watu. Iliongezwa hata ikawatosha wote.

Na kosa letu lilikuwa kiasi gani? Kwa hesabu niliyoiandika, kila mmoja wetu wanaume angalipata miti 420, hali haki yake haifiki 388. Miti zaidi ya 32 kila mmoja, imetoka mkononi mwa mwanamke aliyekuwa akitupikia.

Nikapanda basi siku ile ile. Kutoka Mbeya kwenda Iringa kwa Igawa, Makambako na Mafinga ni zaidi ya kilomita 300, na karibu na Mafinga misonobari husimama mistari kwa mistari kandokando ya njia. Mwaka wote uliotangulia nilikuwa nikiipita nikihesabu fedha. Safari hii sikuweza kuitazama.

Niliwakusanya ndugu zangu, nikamwomba na sheikh mmoja ajuaye faraidh akae nasi, na mara hii umbu langu alikaa katika kikao, si uani. Nikasema mbele ya wote kwamba aliyeandika 12 ni mimi, na kwamba nalijua nikiandika. Kaka yetu mkubwa alikasirika. Akauliza, "Nani atahesabu miti 2,880?" Sheikh akamjibu kwa upole kwamba aliyeweza kuihesabu kwa mistari ataweza kuihesabu kwa mti mmoja mmoja.

Tuliihesabu kwa siku mbili, kwa kamba na rangi. Kila fungu katika yale 104 lilipata miti 27. Mama alipata 351, kila mwanamke 189, kila mwanamume 378. Ikabaki miti 72. Hiyo tuliiuza pamoja, na fedha zake zikagawanywa kwa mafungu yale yale 104. Hapana aliyeachwa, na hapana aliyezidishiwa.

Umbu langu hakunishukuru, wala haikumpasa kunishukuru, kwani mtu hashukuriwi kwa kurudisha alichokichukua. Aliniomba kitu kimoja: ile karatasi yenye 12. Nikampa. Akaichana vipande viwili, akaitia motoni, akaniuliza kama nimekula. Kaka yetu mkubwa hakusema nami hata Ramadhani ilipoingia, na mpaka leo salamu zake ni fupi. Namwombea, naye naomba aniombee.

Ndugu wasomaji, katika nyumba zetu hesabu ya mirathi huachiwa wanaume wawili watatu na karatasi moja. Nawanasihi mambo mawili. Kwanza, wafundisheni watoto wenu hesabu hii, wanaume kwa wanawake, kama mnavyowafundisha kutawadha, maana aijuaye haki yake kwa namba haibiwi kwa tabasamu. Pili, andikeni majina kabla ya kuandika namba. Mkiona hesabu haigawanyiki, msitafute mtu wa kumtoa, ongezeni mafungu. Imepata kuniwia rahisi kuikata 13 kwa sababu niliiona ni namba tu. Lau ningaliandika jina lake mahali pale, kalamu ingalinitetemeka.

Wallahu a'lam, na kwake ndiko kuwezeshwa.